Uzi maalumu: kuvu zinazoua wadudu (Metarhizium na Beauveria), kuanzia rafu ya duka hadi mdudu anapokufa

kuvu_kazini

Wakuu, salaam. Humu jukwaani lalamiko ni lilelile kila msimu: dawa ya kibiolojia imenunuliwa, imepulizwa, wiki imeisha na wadudu wapo palepale. Majibu huwa ya mistari miwili, halafu mtu anarudi kwenye sumu kali. Naomba tuliweke jambo hili lote mahali pamoja.

Tuanze na jina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Mkulima akisema "dawa ya ukungu" anamaanisha dawa inayoua ukungu, kama mankozebu. Sisi tunazungumzia kinyume chake: ukungu wenyewe, yaani kuvu, ndio dawa. Ndani ya pakiti au chupa kuna spora hai, yaani mbegu ndogo sana za kuvu. Mbili zinazouzwa zaidi ni Metarhizium anisopliae, ambayo spora zake zikikomaa huwa za kijani, na Beauveria bassiana, nyeupe kama unga wa sembe.

Mdudu hahitaji kuila. Spora inanata kwenye ganda lake, inapata unyevu, inachipua ndani ya saa 16 hadi 24 hivi, halafu inatoa vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta, protini na kitini za ganda huku ikisukuma ncha yake ndani. Ikishaingia kwenye damu inazaliana, inanyonya chakula cha mdudu na kumwaga sumu mwilini mwake. Kwa wadudu wadogo hesabu siku 3 hadi 7, wakubwa hufika 10 na zaidi. Kwa hiyo inawapata hata wanaofyonza: thripsi, inzi weupe, vidukari. Bt (dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis) haiwapati hao, kwa sababu lazima iliwe pamoja na jani.

Sasa, kwa nini inashindwa? Mara nyingi kuvu inakufa kabla haijamgusa mdudu. Inafia dukani kwenye rafu inayopigwa na jua, au juu ya dashibodi ya gari. Inafia kwenye bomba lililobaki na mabaki ya dawa ya ukungu. Au inafia juu ya jani saa nne asubuhi, jua likiwa kali, kwa sababu miale ya jua huua spora zilizo wazi ndani ya saa chache. Puliza kuanzia saa 11 jioni, ili spora ipate usiku mzima wenye umande. Joto linalozifaa ni kama nyuzi 25 hadi 30. Likivuka 35, aina nyingi husimama kukua.

Halafu kuna dozi. Soma lebo, tafuta idadi ya spora kwa gramu au kwa mililita. Kiwango kinachotumika sana shambani ni spora trilioni 1 hadi 10 kwa hekta. Unga wenye spora bilioni 1 kwa gramu, ukitaka trilioni 1, unahitaji kilo 1 kwa hekta, ambayo ni gramu 400 kwa ekari. Ukitumia maji lita 200 kwa ekari, yaani mabomba 10 ya lita 20, kila bomba linapata gramu 40. Lakini pakiti ikisema milioni 100 kwa gramu, ileile trilioni 1 inataka kilo 10 kwa hekta, gramu 400 kwa kila bomba. Pakiti mbili za bei sawa zinaweza kupishana mara kumi, na asiyesoma lebo hatajua kamwe.

Kuchanganya: spora hizi zinakataa maji. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye bomba unaelea juu kama vumbi la mkaa na kuganda madonge. Weka unga kwenye ndoo ndogo, ongeza matone machache ya kisambazaji (kimiminika cha kufanya dawa itandae vizuri) au sabuni ya maji isiyo na dawa ya kuua vijidudu, tia maji nusu lita, koroga mpaka uwe kama uji mwepesi usio na punje. Chuja kwa kitambaa chepesi. Jaza bomba maji nusu, mimina, tikisa, kisha ongeza maji mpaka ujazo wake. Spora zenyewe hupita kwenye chujio la nozeli bila shida, maana urefu wake hauzidi maikromita 10. Kinachoziba ni madonge na chenga za mchele ambao kuvu huoteshwa juu yake. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Ukishachanganya maliza siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 3. Usilaze mchanganyiko.

kitunguu_mangola

Mkuu, shukrani kwa ufafanuzi. Huku kwenye vitunguu kuna tatizo ambalo wengi hawaligusi. Thripsi wanajificha katikati, pale majani yanapobanana shingoni, na wakati huohuo ugonjwa wa baka la zambarau unatulazimisha kupiga mankozebu karibu kila wiki. Hizo mbili zitakaaje shamba moja? Na jani la kitunguu lina nta, maji yanateleza tu.

kuvu_kazini

Swali zuri, kaka. Mankozebu, propinebu, tebukonazoli na azoksistrobini zote zinaiumiza kuvu, zikitofautiana ukali. Mrututu na dawa nyingine za shaba nazo si salama kwake. Kwa hiyo zitenganishe kwa siku 4, na zikiwa zaidi ni bora.

Mfano wa ratiba: kuvu Jumatatu jioni. Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi dawa ya ukungu, ugonjwa ukiwa umeanza kweli. Kuvu tena Jumatano jioni inayofuata. Usipige dawa ya ukungu kwa mazoea. Kagua, na kama ni kiangazi na majani yanakauka mapema asubuhi, mara nyingi unaweza kuruka mzunguko. Hapo kuvu inapata nafasi.

Bomba liwe la peke yake. Kama una moja tu, lioshe kwa maji na sabuni mara tatu, ukipitisha maji mpaka kwenye mpira na nozeli. Wengi huosha tangi na kusahau mpira, ambako dawa ya jana imelala.

Kuhusu shingo ya kitunguu: ongeza kisambazaji kwa dozi ya lebo yake, punguza mwendo, elekeza nozeli juu ya kitovu cha mmea ili maji yateremke kwenye maungio ya majani. Lita 200 hadi 250 kwa ekari kwa vitunguu vilivyokomaa majani. Pale shingoni pana faida mbili, kivuli na unyevunyevu. Spora ikifika hapo inaishi muda mrefu kuliko kwenye jani lililo wazi.

Jambo lingine kuhusu thripsi: mtoto akijichuna ngozi saa chache baada ya kupulizwa, anaivua pamoja na spora ambazo hazijapenya. Wakubwa hawajichuni tena, hivyo ndio wanaokufa zaidi mwanzoni. Kizazi kipya kinatoka kwenye mayai yaliyo ndani ya jani na kwenye mabuu (pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mkubwa) ya udongoni. Kupuliza mara moja hakutoshi. Panga mara 3 hadi 4, kila baada ya siku 7 (au 9 kama kwenye ratiba ile, ukiingiza dawa ya ukungu), na anza ukiona thripsi wachache kwa kila mche. Ukisubiri majani yawe ya fedha umechelewa. Kuvu haishushi idadi kubwa kwa usiku mmoja.

embe_makueni

Asante sana kwa uzi huu. Niongeze upande wa maembe, kwa sababu hapa kuvu ina nafasi ambayo dawa ya kupuliza haina. Nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hutaga ndani ya tunda. Funza akishiba huruka kutoka kwenye tunda, hujichimbia sentimita chache udongoni na kugeuka buu. Nzi mpya hutoka baada ya wiki moja na nusu hivi. Kwa hiyo kila nzi wa kizazi kijacho lazima apite kwenye udongo ulio chini ya mwembe wako, kuingia na kutoka.

Unachofanya ni kuweka Metarhizium pale chini. Safisha magugu chini ya mwembe mpaka mwisho wa kivuli chake, mwagia mchanganyiko au tawanya chembechembe, halafu pitisha reki ili iingie sentimita 3 hadi 5. Udongo uwe na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kutoa maji. Ukiwa mkavu kabisa spora hazichipui, ukituama maji zinaoza. Fanya wiki 3 au 4 kabla ya matunda kuanza kuiva, kisha rudia katikati ya msimu.

Lakini msiitegemee peke yake, tafadhali. Mitego ya methyl eugenol inanasa madume, chambo cha protini kinapunguza majike, na matunda yaliyoanguka lazima yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki na kuzikwa zaidi ya nusu mita, au kufungwa kwenye mfuko mweusi na kuanikwa juani. Shamba lenye maembe yaliyooza chini linawazalisha kasi kuliko kuvu yoyote inavyoweza kuua.

Na muangalie namba ya aina kwenye lebo. icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, imechuja aina nyingi za Metarhizium, na kila moja ina wadudu wake. ICIPE 69 ni ya thripsi na nzi wa matunda, ICIPE 78 ya utitiri mwekundu, ICIPE 62 ya vidukari. Kumpulizia utitiri kuvu ya thripsi halafu kusema kuvu haifanyi kazi ni kuionea.

nyanya_kilolo

Je, kantangaze wa nyanya (Tuta absoluta)? Na wale viwavijeshi vamizi wa mahindi?

kuvu_kazini

Kantangaze ni mgumu kwa sababu kiwavi wake anakaa ndani ya jani, kwenye handaki. Spora iliyo juu ya jani haimfikii. Inayemfikia ni nondo mkubwa anapotua, na buu lililoshuka udongoni. Kwa hiyo kwenye nyanya itumie kama nyongeza ya mtego wa feromoni na kung'oa majani yaliyoshambuliwa, na uweke dawa inayoingia jani kwa ajili ya kiwavi.

Viwavijeshi: shughulika na mayai na vitoto vilivyoanguliwa punde. Kiwavi akishakuwa na urefu wa sentimita 2 na kujifunika kwa kinyesi chake ndani ya kitovu cha mhindi, umeshachelewa. Elekeza nozeli kitovuni, jioni, mara tu unapoona majani yenye vidirisha vidogo vyeupe.

ndoo_ya_mchele

Wakuu, bei ya chupa moja ni kubwa kwa mwenye robo ekari. Mtandaoni kuna video zinaonyesha namna ya kuotesha kuvu hii kwenye mchele uliopikwa nyumbani. Kwa nini tusijitengenezee?

sahani_ya_agari

Naomba nijibu hili kwa urefu, na naomba lisomwe mpaka mwisho kwa sababu linahusu afya za watu.

Mchele ndio hutumika hata viwandani, hilo ni kweli. Mchele huoshwa, huloweshwa, huchemshwa nusu ili punje ziive nje na kubaki ngumu kidogo ndani, hutiwa kwenye mifuko ya polipropilini inayovumilia joto, kisha huchemshwa kwa mvuke wa presha kwa nyuzi 121 kwa dakika 30 hadi 40. Ukipoa, hutiwa mbegu safi ya kuvu ndani ya chumba kisicho na vijidudu, hukaa nyuzi 25 hadi 27 kwa wiki 2 hadi 3, ukivunjwavunjwa mara kwa mara usigande. Baadaye hukaushwa hadi unyevu wa spora ushuke karibu na asilimia 5, na spora huchekechwa.

Sasa tazama mfuko mmoja kwa karibu. Siku ya tatu punje zote zimefunikwa na nyuzi nyeupe. Siku ya saba unaona kijani kinaanza pembeni. Nyumbani hapo mtu anafurahi kwamba Metarhizium imekubali. Lakini Aspergillus flavus nayo huanza nyeupe, halafu hugeuka kijani chenye umanjano, na inapenda mchele na joto la jikoni kuliko kuvu yako. Hiyo ndiyo kuvu inayotengeneza sumukuvu, ileile inayotutesa kwenye mahindi na karanga. Trichoderma nayo ni kijani. Kwa macho, asiye na uzoefu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika. Kwa hadubini tofauti inaonekana mara moja: Metarhizium ina spora ndefu kama punje za wali zilizopangana kwenye safu, Aspergillus ina kichwa cha mviringo chenye spora duara kama ua la alizeti lililofumuka.

Kwa hiyo anayetumia sufuria ya kawaida isiyo na presha, mbegu aliyoitoa kwenye pakiti ya dukani, na chumba chenye upepo, anaweza kabisa kukoroga sumukuvu, kuivuta puani na kuipuliza kwenye mboga za watoto wake. Msifanye. Kikundi cha wakulima 20 wakinunua chupa moja kubwa na kugawana siku ya kupuliza, gharama inashuka bila hatari hiyo.

Hata dawa halali ina vumbi la spora. Vaa barakoa inayobana uso na miwani unapofungua pakiti ya unga. Metarhizium haikui kwenye joto la mwili wa mtu mwenye afya, lakini mzio wa kifua na macho upo. Mwenye pumu asichanganye.

kitunguu_mangola

Umetufungua macho, mkuu. Basi tunajuaje kwamba chupa tuliyonunua bado ina uhai? Duka haliwezi kukiri.

sahani_ya_agari

Kuna njia mbili.

Ya maabara: tone la mchanganyiko mwepesi hupakwa kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea vijidudu), huwekwa nyuzi 25 hadi 27 kwa saa 18 hadi 24, kisha huhesabiwa spora 300 chini ya hadubini. Iliyochipua ni ile ambayo kichipukizi chake kimefikia angalau upana wa spora yenyewe. Ikipungua chini ya asilimia 85, bidhaa imeanza kuchoka. Idadi huhesabiwa kwenye chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia: wastani wa mraba mkubwa mmoja, zidisha kwa 10,000, zidisha kwa kiasi ulichozimua, unapata spora kwa mililita. Chuo cha kilimo chenye maabara ya magonjwa ya mimea kinaweza kuwafanyia.

Ya nyumbani haikupi asilimia, ila inakupa ndiyo au hapana. Omba kwa mfugaji nyuki viwavi wa nondo wa nta, wale wanaokula masega ya zamani. Chukua 20. Andaa mchanganyiko kwa dozi ya bombani, kikombe kimoja. Kikombe cha pili kiwe maji na sabuni ileile bila kuvu. Tumbukiza viwavi 10 katika kila kikombe kwa sekunde 10, wamwage kwenye kitambaa, uwaweke kwenye mikebe miwili yenye matundu madogo na kipande cha sega. Weka kivulini. Hesabu waliokufa kila siku mpaka siku ya 10.

Waliokufa usiwatupe. Waoshe dakika moja kwenye jiki iliyozimuliwa, sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 2 na nusu za maji, ili kuua vijidudu vya nje. Wasuuze mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, walaze juu ya karatasi ya shashi yenye unyevu ndani ya kopo lililofungwa. Baada ya siku 3 hadi 5, kuvu iliyoua itatokeza yenyewe: nyuzi nyeupe zinachomoza kwanza kwenye maungio ya miguu na mikunjo ya tumbo, mwili unakuwa mkavu na mgumu kama kipande cha chaki. Kama ni Metarhizium, siku mbili tatu baadaye weupe unafunikwa na unga wa kijani. Kiwavi mweusi, laini, anayenuka ameuawa na bakteria, usimhesabu. Na kama mkebe wa maji matupu umeua wengi sawa na wa kuvu, jaribio halifai, rudia.

Hii pia inajibu wanaosema "sijaona mdudu mwenye ukungu shambani". Kiangazi humuoni. Mdudu anakufa, anakauka, anadondoka. Kuvu hutokeza nje tu pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi sana.

rukwa_bonde

Nichangie kidogo kuhusu nzige, maana huko ndiko kuvu imepimwa kwenye eneo kubwa. Inayotumika ni Metarhizium acridum, aina IMI 330189, ambayo asili yake ni panzi aliyepatikana Niger. Inashambulia panzi na nzige tu. Mwaka 2009 takribani hekta 10,000 zenye nzige wekundu zilipulizwa Tanzania, kwenye mbuga za Iku na Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Mwaka 2020 Somalia nao walitumia Metarhizium acridum dhidi ya nzige wa jangwani, kwa sababu maeneo yale ni malisho na mifugo haiwezi kuhamishwa kila ndege ya kupulizia inapopita.

Dozi ni gramu 50 za spora kavu kwa hekta, zikichanganywa kwenye mafuta badala ya maji. Mafuta yanashika kwenye ganda la nzige, na spora inachipua hata hewa ikiwa kavu. Vifo huonekana kati ya siku 7 na 21. Nzige aliyeambukizwa huota jua kupandisha joto la mwili wake ili kuizuia kuvu, kwa hiyo penye jua kali mchana na baridi usiku anachelewa kufa. Lakini kula anapunguza mapema, na kuruka kunamshinda, ndege wanammaliza.

embe_makueni

Na nyuki? Wengi wetu tuna mizinga humo humo shambani.

kuvu_kazini

Ndani ya mzinga joto ni kama nyuzi 33 hadi 36, kuvu nyingi hazistawi hapo. Hata hivyo usimpulizie nyuki moja kwa moja wala usilowanishe mlango wa mzinga. Ukipuliza jioni nyuki wamesharudi. Mwenye viwavi wa hariri ndiye awe mkali zaidi: Beauveria bassiana iligunduliwa kama ugonjwa wa viwavi hao Italia, na jina lake la pili linamkumbuka Agostino Bassi aliyeuthibitisha mwaka 1835. Usiipulize karibu na miforsadi.

Mwisho kwa leo, manunuzi. Uliza namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Tazama tarehe ya kutengenezwa kabla ya ile ya kwisha muda. Uliza chupa imehifadhiwa wapi, na kama imetoka kwenye kaunta yenye jua, achana nayo. Beba kwenye kibebeo cha baridi au ifunge kwenye kitambaa kilicholowa. Nyumbani iweke kwenye friji, rafu ya chini, mbali na chakula na ikiwa imefungwa kwenye mfuko, usiigandishe. Asiye na friji anunue ya wiki hiyo tu. Ya mafuta itikise sana kabla ya kupima, maana spora hulala chini na nusu ya juu ya chupa hubaki mafuta matupu.

nyanya_kilolo

Hilo la kutikisa limejibu swali langu lote. Nusu ya kwanza ya chupa haikufanya kitu kwenye inzi weupe, nusu ya mwisho ikaziba nozeli.